Dumu Lililofungwa Mkanda

Msafara wetu wa magari ya kulala ulikwama katikati ya jangwa, rejeta ya gari la kiongozi ikitoa mvuke. Akaja mbio dirishani kwangu.

"Shemeji, nipe hilo dumu la maji ya kuogea."

Dumu lilikuwa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, limefungwa mkanda. Asubuhi nilipoliweka, gari lilipiga kengele, likidhani kuna abiria hajajifunga. Nikalifunga. Tangu nimzike, ni gari pekee lililosema kuna mtu pale.

Kiongozi akaingiza mkono. Nikaudaka.

"Hilo hapana."

"Shemeji, ni maji tu!"

Nikaenda kwenye kabati la nyuma ya gari, nikamletea dumu jingine.

"Lakini haya si yako ya kunywa?"

Nikapandisha kioo.