Mabati ya Mtemi Fisi

Zama ambazo hata wanyama walikwenda kusali, Mtemi Fisi aliliezeka kwa mabati mapya kanisa la Mchungaji Kigogota, ndege mwenye mdomo mgumu kuliko wote. Tangu hapo, kila Jumapili Fisi alisimama "kuwasalimia waumini kidogo," na salamu zikameza mahubiri. Kigogota alikereka, lakini akanyamaza.

Jumapili moja Mbuzi aliingia akilia kwamba Fisi amemla mwanawe. Kigogota akasimama kumkemea Fisi.

"Mchungaji," Fisi akamkatiza, "hapo ulipo umesimama chini ya bati la nani?"

Kigogota akaruka hadi juu ya paa, akaanza kung'oa misumari.

"Mchungaji, wingu limetanda! Tutalowa!" waumini wakapiga kelele.

"Loweni!" akafoka. "Mvua imeshamla mtoto wa nani?"