Madawati ya Kuazima

Hapana jirani, mjukuu wangu Tumpe hakufeli. Siku hizi vyuo vya udaktari vinapima maksi pamoja na shule uliyosoma. Kuna kidude cha serikali kinachoruka, wanakiita droni, kinapita shuleni mara moja tu, kinapiga picha. Kikikuta watoto wanakaa chini na bati linavuja, wanaongezewa maksi.

Sasa mimi fundi seremala, nikasikia wageni wa serikali wanakuja shuleni kwa Tumpe. Nikaona aibu, jamani, watukute kwenye vumbi? Nikaazima mabenchi ya kanisani, nikayapigia mbao za kuandikia, na bati nikaliziba. Hata mapazia nikatundika. Kumbe mgeni mwenyewe ni kile kidude; kikapiga picha, kikaenda zake. Jioni nikarudisha mabenchi kanisani.

Tumpe hakuongezewa kitu. Chuo kakikosa kwa maksi mbili.

Jana Tumpe anapakua ndizi, nikamwambia, "Mama, nisamehe. Ni mimi."

Akasema, "Najua, babu. Ila siku ile ndiyo pekee niliyoandika bila kuinama."

Akanisogezea kiti changu. Tukakaa sote kula, yeye akakaa chini, kama alivyozoea shuleni.