Picha ya Mgonjwa

Siku ya kuondoa matanga ya mkewe, wakubwa wa kanisa walimletea Mbonea picha ya fremu, nakala ya mchoro wa kale wa mistari myeusi. Yesu amesimama, na miguuni pake mwanamke mgonjwa amelala kwenye mkeka.

"Pole, mzee mwenzangu," alisema mwenyekiti wao, Elieskia. "Itundike, ikufariji."

Mbonea aliitazama. Mkewe naye alifia kwenye mkeka, nje ya zahanati ya kanisa iliyofungwa, wakati mwenyekiti yuko harusini na ufunguo mfukoni.

"Huyu Yesu aliomba ufunguo kwa nani?"

"Usikufuru, bwana. Ni uchungu tu huo."

"Ninao. Haya, twendeni nikaitundike."

Waombolezaji walimfuata, hata wapishi wakaacha masufuria. Leo zahanati ilikuwa wazi. Mbonea akausukuma mlango mpaka ukalala kwenye ukuta wa mbao, akaiweka picha juu yake, akapigilia misumari mirefu iliyopenya fremu na mlango hadi ukutani.

"Sasa jioni tutafungaje?" Elieskia alifoka.

"Mng'oe huyu Yesu kwanza. Ng'oa, mwenyekiti, si wewe ndiye mkubwa?"

Elieskia akanyoosha mkono, akaishika fremu. Watu wote wakautazama mkono ule.