Hina ya Kufunga Mikono

Batuli alinyoosha mikono yote miwili juu ya mkeka, akamwomba Bi Tatu, mpakaji hina wa mtaa, ampake viganja hadi ncha za vidole.

"Harusi huna, Idi bado, wala mumeo hatoki safari," Bi Tatu alimtania. "Hina ya nini, mwanangu?"

"Ya kunifunga mikono." Batuli aliionyesha simu kwa kidevu. "Juzi Nasra wangu kasimama dede, na aliyeniambia ni jirani aliyepita dirishani. Mimi nimekaa naye chumba kimoja, nasoma ugomvi wa watu nisiowajua! Sitaki hatua yake ya kwanza nayo nihadithiwe."

Bi Tatu alicheka hadi akaweka bakuli chini. "Basi naipaka nzito. Ukigusa kitu, imeharibika."

Hina ilipoenea, simu ikaanza kutetemeka mkekani. Batuli aliitazama, vidole vikimwasha. Ikatetemeka tena, kisha ikanyamaza, na hakuna paa lililoanguka. Akashusha pumzi ndefu. Mabega yakamlegea, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akasikia njiwa wakilia darini.

Ndipo Nasra, aliyekuwa amesimama kwa kujishikiza kitandani, alipoachia ukingo. Akapiga hatua, akayumba, akapiga nyingine.

"Hina yako, we!" Bi Tatu alipiga kelele.

Batuli alikwisha kumdaka. Simu ilitetemeka tena bila kutazamwa, na mgongoni mwa kigauni cheupe cha mtoto viganja viwili vya hina vikaanza kukolea.