Ushanga wa Fundi

Siku hizi mkoba uliosukwa kwa mkono hauuzwi bila ushanga wa fundi. Fundi akiwa na moyo mkunjufu, ushanga huwaka. Akisononeka, hufifia popote mkoba ulipo, ili mtu asije akajipamba kwa machozi ya mwenzake.

Bi Mwanakheri alikuwa akisuka ukili wa mkoba peke yake barazani simu ilipolia. Alikuwa Zuwena, binti yake, ambaye hakuwa amepiga tangu Ramadhani. Leo hata shikamoo aliisahau.

"Mama, mkoba ulionisukia unafifia! Niko harusini, watu wananitazama kama nimemdhulumu mtu. Una nini?"

"Sina kitu, mwanangu. Hebu ngoja."

Akaiweka simu mkekani. Zamani walikuwa wanawake sita kwenye baraza hiyo, wakisuka huku wakitegeana vitendawili, na mikoba yao iling'aa kama taa. Mwenzake wa mwisho, Bi Riziki, alizikwa mwezi uliopita.

"Kitendawili!" aliita Bi Mwanakheri.

Basi akaigiza sauti ya Bi Riziki, ile ya kukwaruza, akajijibu, "Tega!" Kisha akacheka, kile kicheko chao cha zamani.

"Umewaka!" Zuwena alishangilia. "Endelea hivyo hivyo, mama, usiache. Tunatoka saa kumi."

Simu ikakatika. Ndiyo kwanza ilikuwa saa nane. Bi Mwanakheri akaokota ukili wake.

"Kitendawili," akasema.