Kusafisha Kinasa Sauti

"Nimekisafisha kama ulivyoniomba, dada. Kimetakata!" Domo, mwanafunzi mwenzake, alimrudishia msichana kinasa sauti chake. Kesho darasa lingesafiri kwenda kurekodi muziki na makelele ya jiji.

Msichana alikigeuza. Unga ulikuwa bado umeganda kwenye matundu ya maikrofoni, tangu siku alipomrekodi marehemu mama yake akiimba huku akikanda.

"Umesafisha nini, na unga si huu hapa?"

"Unga? Mimi nimefuta sauti zote za zamani. Sasa jiji zima litaenea humo."

Msichana alibonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena na tena, mpaka ukucha ukapinda.

"Nilisema safisha, Domo! Nani kakwambia ufute?"

Domo alichomoa leso, kanywea. "Basi lete nikupangusie huo unga."

Msichana akaufunika kwa kiganja.

"Usiuguse!"