Kura ya Kichwa

Aliposikia hodi, Mulongo alirudi mbio kwenye kochi, akajifunika blanketi hadi kidevuni, akafumba macho. Wala hakuwa anaigiza. Hofu ilimkamata tangu daktari alipoweka picha ukutani na kuwaonyesha uvimbe kwenye ubongo. Si kansa, daktari alisema, na unakua polepole. Tunaweza kuutoa, au tungoje huku tukiupiga picha mara kwa mara. Mulongo alisikia neno ubongo tu. Nelima mkewe ndiye aliyemdaka asianguke, ndiye aliyeuliza maswali, ndiye aliyemshika mkono hadi stejini kupanda matatu.

Habari hailali mtaani Langas. Jerop wa mlango wa pili aliingia na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa, nyuma yake Pasta Ondiek na karibu nusu ya kanisa. Na watu wa huku, jamani, wakishazidi watatu lazima wapate mwenyekiti. Pasta akajipa kiti hicho. Kwanza wakaomba, mikono yote juu ya kichwa cha Mulongo, wakamkandamiza mpaka shingo ikauma. Nelima alikuwa jikoni akichemsha chai.

"Unajisikiaje, mzee?" Pasta aliuliza.

"Silali, Pasta. Chakula hakipiti. Nikifunga macho naona kisu."

"Pole sana. Sasa ajenda ni moja. Kupasua au kungoja?"

Jerop alisema anamjua mtu wa Yamumbi aliyefunguliwa kichwa, upepo ukaingia, na mpaka leo anasalimia kuku kwa majina. Mama mmoja wa kwaya akasema uvimbe ukiombewa vizuri hunyauka wenyewe kama kitunguu. Mwenyekiti aliwashukuru wote wawili kwa mchango wao.

Nelima akaja na birika. Chai ya kwanza aliimimina pembeni mwa kikombe, ikachuruzika mezani.

"Mawazo yatakumaliza, mama," Pasta akamwambia. "Jikaze. Baba akilala, wewe ndiye nguzo."

Nelima alipangusa meza. "Mimi naona tupasue. Daktari alisema ukiachwa utabana jicho. Naogopa, sikatai. Lakini kungoja naogopa zaidi."

Jerop aliweka kikombe chini taratibu. "Dada yangu, usikasirike. Lakini ni rahisi sana kupasua kichwa cha mwenzako."

Wageni wakaguna kukubaliana naye. Mulongo alifungua mdomo kama mtu mwenye la kusema, akaufunga, akavuta blanketi juu zaidi. Mwanamume mzima, na misuli yake yote ile ya kuchomelea mageti.

Kura zikapigwa kwa kuinua mikono. Kungoja kukashinda, na mkono wa Mulongo wenyewe ulichomoza kutoka chini ya blanketi. Nelima hakupiga kura. Alikuwa amebeba vikombe.

Jumatatu wakarudi kwa daktari. Njia nzima Mulongo alikuwa akitetemeka, Nelima akimsugua mgongo na kumwambia yataisha. Walipoketi tu, Mulongo alikohoa, akaeleza kwamba jambo limejadiliwa kwa kina, kanisa limepiga kura, na uamuzi ni kungoja.

Daktari alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. Kisha akamgeukia Nelima.

"Na mwenye kichwa anasemaje?"

"Pasua," Nelima akasema, akaanza kufungua kilemba.